Maswali ya wasomaji: kitako kipya cha bunduki ya semi-otomatiki, uchague kipi?

Shikamoo mzee. Mi niko Louisville, Kentucky, tulikuja na familia tukitokea kambi ya Nyarugusu na sasa nina green card. Jirani yangu kanifundisha kuwinda kindi, nikanunua Ruger 10/22, ile .22 inayojipakia risasi yenyewe, ina kitako cha mbao cha kiwandani, juu nimefunga darubini. Shida ni kwamba nikilaza shavu naona giza pembeni ya darubini, mpaka ninyanyue kichwa ndo naona vizuri, shingo inauma alafu risasi zinakwenda huku na kule. Washkaji wananiambia nunua kitako cha kisasa. Nimeona kimoja cha plastiki kimekaa kijeshi jeshi na kingine cha mbao za rangi rangi kina tundu la kupitisha dole gumba. Nichukue kipi? – Mwindaji mpya

Marahaba kijana wangu, na hongera kwa kuanza kuwinda. Umeeleza shida yako vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, maana umeanza na mwili wako, shingo na shavu, sio na rangi ya kitako. Basi na mimi naanza hapo hapo.

Hiyo bunduki yako ilianza kuuzwa 1964 na kitako chake cha mbao kimechongwa kwa ajili ya mtu anayetumia zile saiti za chuma zilizo juu ya mtutu. Saiti za chuma ziko chini, karibu kabisa na mtutu, kwahiyo mgongo wa kitako pale unapolaza shavu nao uko chini. Ukishafunga darubini jicho linatakiwa lipande, na mgongo wa kitako haukupanda nalo, ndo maana shavu linabaki linaelea hewani na wewe unashikilia kichwa kwa misuli ya shingo. Kichwa kinachoshikiliwa na shingo hakirudi mahali pale pale kila mara, leo kiko juu kidogo, risasi inayofuata kiko kushoto kidogo, na hapo inaingia kitu kinaitwa paralaksi. Yani jicho likihama nyuma ya darubini, alama ya msalaba nayo inaonekana kuhama juu ya shabaha ingawa bunduki yenyewe haijasogea. Darubini nyingi za bunduki ndogo za .22 zinawekwa kiwandani zisiwe na hilo tatizo kwenye yadi 50, sasa kindi akiwa yadi 20 juu ya mti na kichwa chako kinahama hama, utamkosa na utailaumu risasi.

Kwahiyo kabla hujatoa hata dola moja fanya hivi. Chukua sponji ngumu kidogo au kipande cha godoro la mazoezi, kiweke juu ya mgongo wa kitako, kifunge kwa tepu, ongeza taratibu mpaka shavu likilala lote kwa uzito wake jicho linakuta duara zima la darubini bila giza. Alafu jipime: magazini nje, vuta bolti, angalia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole uhakikishe ni tupu, elekea upande salama, funga macho, weka bunduki begani kama kawaida yako, laza shavu, fungua macho. Ukiona duara zima, urefu wa shavu umepata. Ukiona giza juu au chini bado. Pima kwa rula ile sponji imepanda kiasi gani, hicho ndo kipimo utakachoenda nacho dukani, na kuna watu wanaishia hapo hapo, wananunua ule mto wa shavu wa kufunga kwa mkanda na kitako cha zamani kinabaki.

Kipimo cha pili ni urefu, kuanzia kwenye uso wa triga mpaka katikati ya mwisho wa kitako kinapogusa bega. Cha kiwandani kwenye hiyo yako ni kama inchi 13.5, hiyo ni sentimita 34 na kitu. Watu wana ule mtindo wa kukunja mkono na kuweka kitako kwenye kiwiko waone kidole kinafika wapi kwenye triga, si mbaya kwa kuanzia ila unapima mkono tu, haupimi shingo wala kifua wala jaketi. Kipimo nachokiamini mimi ni bunduki ikiwa begani na umevaa nguo unazowindia: kidole gumba kilichozunguka kishikio kiwe mbali kidogo na pua yako, kama upana wa vidole viwili, na usilazimike kunyoosha shingo mbele kutafuta darubini. Kentucky msimu wa kindi unaanza Agosti unawinda na tisheti unatoka jasho, baadae inaingia baridi unavaa jaketi nene, na hilo jaketi peke yake linasukuma kitako mbele karibu nusu inchi au zaidi. Kitako kinachoongezwa na kupunguzwa kwa vipande vya mwisho kinakutatulia hilo, na ndo sababu kubwa inayonifanya nikisifie kile cha plastiki ulichokiona kama ni Magpul Hunter X-22. Kinaongezwa vipande nyuma, shavu unanunua kipande cha kunyanyua unapachika, na pale mtutu unapolala pana kipande unachoweza kukigeuza kikapokea mtutu mwembamba wa kiwandani au ule mnene wa inchi 0.920 ukija kubadilisha siku za mbele. Hakivimbi mvua ikinyesha.

Cha mbao za rangi rangi bila shaka ni lamineti, mbao nyembamba zimegundishwa kwa gundi na kubanwa, Boyds wa South Dakota ndo wanajulikana sana kwa hizo. Ni imara, haipindi hovyo kama mbao ya kipande kimoja, na ukiagiza kwao unaweza kuchagua urefu wake. Lakini ni nzito. Bunduki yako ilivyotoka dukani ina kama pauni 5, ukiiweka kwenye lamineti nene utalisikia ongezeko, na uwindaji wa kindi ni kutembea, kusimama, kutembea tena mlimani asubuhi nzima. Mtu anayepiga shabaha mezani uzito ni rafiki yake, bunduki inatulia. Wewe unatembea. Na tundu la dole gumba lina raha yake ukiwa umekaa, mkono unapumzika vizuri kabisa, ila kindi hakupi nafasi ya kukaa, unanyanyua haraka na dole gumba linatafuta tundu, alafu kufikia sefti, yani kile kitufe cha kufunga triga isifyatuke, kunachelewa.

Kwahiyo kwako wewe nasema plastiki yenye kurekebishika, na bei zake utaziona ni dola mia moja na ushee. Kama ukipenda kitu cha mpira mpira kisichoteleza mkono ukilowa, Hogue wana chao kimefunikwa mpira juu, kinashikika vizuri sana, ila shavu lake halipandi, itabidi urudi kwenye ule mto wa mkanda.

Nikwambie ukweli mwingine, kitako hakibadilishi mtutu. Kama bunduki yako ikiwekwa kwenye mifuko ya mchanga inatawanya matundu kwa upana wa inchi mbili kwenye yadi 50 na risasi za bei rahisi, jaribu kwanza aina nyingine mbili tatu za risasi, maana .22 zinachagua risasi sana na hiyo ndo njia rahisi ya kupata shabaha. Kitako kinachokupa ni kichwa kurudi mahali pamoja, bega mahali pamoja, mkono mahali pamoja. Hiyo peke yake inatosha kukufanya uone kama umenunua bunduki nyingine.

Kukibadilisha utafanya mwenyewe nyumbani. Baada ya kutoa magazini na kuhakikisha chemba ni tupu legeza skrubu ya ile pete inayobana mtutu na mbao kule mbele, isukume mpaka itoke. Geuza, utaona skrubu moja kubwa chini mbele ya mahali pa magazini, hiyo moja tu ndo inashika bodi nzima, yani lile fremu linalobeba bolti na triga, ifungue. Sasa kitufe cha sefti kinatakiwa kikae katikati kabisa, kisitokeze kulia wala kushoto, maana kikitokeza kitakwama kwenye mbao na watu wengi wamepasua kipande hapo kwa kulazimisha, na sefti hiyo haisogei kama nyundo haijakokiwa, kwahiyo vuta bolti mara moja kwanza chemba ikiwa tupu. Nyanyua kuanzia upande wa mtutu. Ukishatoa bodi ishike wima usiilaze ubavu, kuna vipini vinavyoshika boksi la triga vimekaa kwa kulegea na kuta za kitako ndo zilikuwa zinavizuia, vikidondoka kwenye zulia utavitafuta na tochi. Kurudisha ni kinyume chake. Bodi ni alumini na skrubu ni chuma, kaza kwa bisibisi ya mkono mpaka ishike imara basi, ukikaza kwa hasira meno ya ndani yanaliwa na hapo umeharibu bodi sio kitako. Ukimaliza nenda uwanja wa shabaha uirekebishe darubini upya, usiende porini siku hiyo hiyo ukidhani bado inapiga palepale.

Na kwa vile umetaja green card, niseme na hili kwa wanaosoma. Mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki bunduki. Aliye kwa visa ya muda, ya masomo, ya matembezi, ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Dukani utajaza fomu 4473, pale kwenye uraia andika ukweli mtupu, usije ukaweka alama kwamba we ni raia wa Marekani kwa haraka haraka, hilo kosa limewahi kuwafungia watu njia ya uraia na hata kuwarudisha makwao. Kitako chenyewe hakihesabiwi kuwa silaha, kinakuja kwa posta mpaka mlangoni.

Habari za kazi kaka. Niko Buffalo, New York. Nimesikia kwamba kitako tu kinaweza kunitia matatani huku, hata kwenye .22. Ni kweli au wananitisha? – Baba Asha

Ni kweli Baba Asha, na nimefurahi umeuliza kabla ya kununua. Sheria ya New York ya 2013 inasema bunduki ndefu ya semi-otomatiki yenye magazini ya kuchomoka ikiwa na hata kitu kimoja tu kwenye orodha yao inakuwa imepigwa marufuku. Kwenye hiyo orodha vitako vimo: kitako cha kukunja, kitako cha kuvuta na kurudisha, kitako chenye tundu la dole gumba, kishikio cha mtindo wa bastola kinachoteremka chini wazi wazi. Na hawakuziacha .22 nje. Kwahiyo 10/22 yako iliyo halali kabisa leo, ukiivalisha kitako kibaya jioni, usiku umelala na kosa la jinai ndani ya nyumba. Kwako ni kitako cha umbo la kizamani, kishikio kimelala nyuma, hakikunji hakivutiki. Vipo vizuri tu vya namna hiyo, na mto wa shavu hauko kwenye orodha, funga bila wasiwasi. Tena tangu Septemba 2022 kununua bunduki ya semi-otomatiki huko kwenu kunataka leseni, kama unapanga kuongeza ya pili anza na hiyo.

California nao wana orodha inayofanana ila yao inagusa bunduki za risasi zinazogongwa katikati ya kitako cha ganda, sio hizi .22 zinazogongwa ukingoni. Washington waliweka ya kwao 2023. Ndo maana mtu wa Texas akikwambia "mbona mi nimefunga na hakuna shida" mwambie asante alafu usome sheria ya jimbo lako. Na ukihama, bunduki inahama na kitako chake, watu wanasahau hilo kabisa, wanapakia kwenye lori Arizona wanashusha New Jersey.

Mambo vipi, mi wa Dallas. Nimenunua kitako cha AR-15 mtandaoni, cha kuvuta na kurudisha, kinaingia kwenye bomba la nyuma lakini kinacheza cheza kama jino bovu. Nimeibiwa? – Kijana wa Oak Cliff

Hujaibiwa, umenunua saizi nyingine. Mabomba ya nyuma ya AR yako ya aina mbili, ya kipimo cha jeshi yana kipenyo cha kama inchi 1.148 na yale yanaitwa ya kibiashara ni kama 1.168. Kitako cha kibiashara kinaingia kwenye bomba la kijeshi lakini kinacheza, ndo hicho chako. Kinyume chake hakiingii kabisa na usikigonge kwa nyundo. Pima bomba kwa kaliper, au angalia mwisho wake, ya kibiashara mengi yamekatwa mshazari na ya kijeshi yamekatwa wima. Rudisha ulichonunua ubadilishiwe saizi. Kucheza hakutalipua kitu ila kila ukilaza shavu kitako kinahama, na tumeshaongea hapo juu shavu likihama kinatokea nini. Na kama unafikiria kuweka kile kirefu kisichosogea cha mtindo wa A2, jua kwamba kinataka bomba refu na bafa yake, kile kipande kizito kinachosukumwa na springi ndani ya bomba, na springi yake, usinunue kitako peke yake.

Dada yenu niko Des Moines. Mume wangu ana 10/22 ambayo tunapiga wote uwanjani, yeye ni mrefu sana mi mfupi. Nikiishika naona kama inanivuta mbele, mikono inachoka haraka. Wanasema nikate mbao. – Mama Neema

Dada yangu usikate kwanza. Ukikata mbao inchi moja na nusu mumeo atabaki anakunja shingo, na mbao haiongezeki tena. Kwa nyumba yenye warefu na wafupi kitako cha kuongeza vipande ndo jibu, wewe unapiga na vipande vimetolewa, yeye anavirudisha, ni skrubu mbili tu. Lakini nataka uangalie na jambo la pili maana umesema inakuvuta mbele. Hilo mara nyingi sio urefu peke yake, ni uzito ulioko mbele. Kama mumeo ameweka mtutu mnene na darubini kubwa, hata kitako kikiwa kifupi utachoka vile vile, na wanawake wengi wanaambiwa hawana nguvu wakati bunduki imepangwa kwa mwili wa mtu mwingine. Mwambie arudishe mtutu mwembamba au mpate darubini ndogo. Simama, weka kiwiko cha mkono wa mbele karibu na ubavu, ukiweza kushikilia msalaba kwenye shabaha kwa pumzi tatu bila mkono kutetemeka basi imekaa.

Na .22 haipigi teke la maana, kwahiyo ule mpira wa mwisho wa kitako kazi yake ni kuzuia kisiteleze begani, usilipie pesa nyingi kwa mpira wa kupunguza teke.

Mi natumia mkono wa kushoto. Kuna cha kwangu? – Mkono wa Kushoto, Phoenix

Kipo. Epuka chochote kilichochongwa kivimbe cha kulaza shavu upande mmoja, na vya tundu la dole gumba uliza kwanza kama wana cha kushoto. Tafuta kilicho sawa pande zote mbili. Ganda la risasi kwenye 10/22 litaendelea kutokea kulia, linapita mbele yako, vaa miwani kila mara bila kukosa.

Kaka naenda likizo Arusha Desemba. Mjomba ana bunduki ya leseni kitako kimepasuka. Nimempatia kipya huku, niweke kwenye begi? – Msafiri, Minneapolis

Hapana, usiweke. Huku Marekani kitako kinauzwa kama kiatu, lakini ukivuka mpaka mambo yanabadilika pande zote mbili: Marekani wana masharti yao ya kutoa vifaa vya silaha nje, na Tanzania silaha na vifaa vyake viko chini ya sheria ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, polisi ndo wanaosimamia. Mjomba ndo mwenye leseni, basi yeye aanzie kwa polisi aliposajiliwa aulize kibali cha kuagiza, na karatasi zikikamilika ndo kitu kisafirishwe kwa njia ya wazi. Vinginevyo, Arusha kuna mafundi mbao, na ufa mdogo kwenye mbao unagundishwa kwa epoksi ukabanwa usiku kucha ukashika miaka, mradi ufa usiwe pale kwenye shingo nyembamba nyuma ya triga. Ukiwa pale asiipige mpaka kipatikane kingine, na kazi hiyo ifanywe na fundi anayeruhusiwa kushika silaha, mjomba akiwepo. Mpigie simu leo umwambie atazame ufa uko wapi.